Benjamin Franklin: mzee aliyebishana na gauti yake

Wengi wetu tumewahi kuiona sura yake bila kujua ni nani. Ni yule mzee mwenye kipara mbele na nywele ndefu pembeni, aliyeko kwenye noti ya dola 100 ya Marekani. Wapo wanaodhani alikuwa rais. Hakuwa. Alikuwa mpiga chapa, mwandishi, mwanasayansi na balozi, na jina lake ni Benjamin Franklin.

Mashuleni anatajwa kwa habari ya radi na kishada. Leo tunamwangalia kwa upande mwingine, kama mgonjwa. Miaka yake kumi ya mwisho aliishi na gauti, kisha na jiwe kwenye kibofu cha mkojo, kisha na uzee wenyewe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopona. Lakini aliviandikia, akavitania, akavieleza kwa marafiki bila haya, na kazi zake kubwa kadhaa alizifanya huku akiumwa.

Tumemchagua kwa sababu jambo hili linatugusa. Sisi tunaofanya kazi ya redio tunalijua vizuri: simu zikifunguliwa kwa mada ya mkojo au ya viungo, wazee wengi wa kiume hupiga kuulizia tatizo la rafiki. Huyo rafiki ana magonjwa mengi sana. Franklin hakuwa na rafiki wa aina hiyo. Alisema ni yeye.

Mtoto wa mtengeneza mishumaa

Franklin alizaliwa Boston mwezi Januari 1706. Baba yake, Josiah, alikuwa akitengeneza mishumaa na sabuni, na alikuwa na watoto 17 kwa wake wawili, mmoja baada ya mwingine. Benjamin alikuwa mwanawe wa kiume wa mwisho. Shule aliisoma miaka miwili tu. Akiwa na umri wa miaka 12 aliwekwa kwa kaka yake James kujifunza kazi ya kupiga chapa, na alipofika 17 akatoroka kwenda Philadelphia.

Kijana huyu alikuwa na mwili wa chuma. Aliogelea tangu utotoni. Alipofika London kufanya kazi ya uchapaji, aliwahi kuogelea Mto Thames kutoka Chelsea hadi Blackfriars, watu wakimtazama kutoka kwenye mashua. Wenzake kazini walikunywa bia mchana kutwa wakisema inatia nguvu. Yeye alikunywa maji, na bado alibeba mizigo mizito ya herufi za chuma kuliko wao. Walimtania kwa jina la Mmarekani wa maji.

Mwaka 1727 aliugua kifua, akakaribia kufa. Alipopata nafuu alijitungia maneno ya kuwekwa kwenye kaburi lake, akijifananisha na kitabu kikuukuu kilichochanika, ambacho Mungu angekuja kukichapa upya kikiwa kimesahihishwa. Alikuwa katika miaka ya ishirini tu. Hapo tayari unamwona mtu anayeweza kutazama kifo chake na kukitania kwa lugha ya kazi yake.

Baadaye alianzisha kalenda ya kila mwaka kwa jina la bandia la Richard Saunders, iliyojaa misemo ya kubana matumizi, kula kwa kiasi na kulala mapema. Ilimpa fedha na jina. Weka akilini hayo ya kula kwa kiasi, tutayarudia.

Mahali ambapo hakucheka

Kabla hatujamfuata kwenye utani wake, ni lazima tuseme kwamba yapo aliyoyapitia ambayo hakuyatania kamwe.

Mwaka 1736 mwanawe Francis, mwenye umri wa miaka minne, alikufa kwa ndui. Wakati ule chanjo kama tunayoijua haikuwepo. Kulikuwa na njia ya zamani ya kumchanja mtu mzima kwa usaha wa mgonjwa wa ndui, ili augue kidogo na kisha akingike. Franklin aliiunga mkono njia hiyo. Lakini mtoto alikuwa akisumbuliwa na kuhara, ikabidi asubiriwe apate nguvu kwanza. Ndui haikusubiri.

Mtaani ukaenea uvumi kwamba mtoto ameuawa na kuchanjwa. Franklin angeweza kukaa kimya na msiba wake. Badala yake alitangaza kwenye gazeti lake mwenyewe kwamba mtoto hakuchanjwa, kwamba aliipata ndui kama watu wengine wanavyoipata. Hakutaka wazazi wengine waogope kuchanja watoto wao kwa sababu ya uongo juu ya mwanawe. Miaka mingi baadaye, akiandika habari za maisha yake, alikiri kwamba bado anajutia, akawasihi wazazi wasirudie kosa lake.

Lipo na jambo la mkewe, Deborah. Mwaka 1769 alipata kiharusi huko Philadelphia, Franklin akiwa London kwa shughuli za kisiasa. Miaka ilipita na mume hakurudi. Deborah alifariki Desemba 1774 bila wao kuonana tena. Wanaomsifu Franklin kwa ucheshi wake uzeeni wakumbuke na hilo, kwamba mtu anaweza kuujua sana ugonjwa wake mwenyewe na bado akawa mbali na wa mwenzake.

Mpira wa fedha kwa kaka

Kwa kaka yake John, hata hivyo, alikuwa karibu ingawa waliishi miji tofauti. John alikuwa Boston, na jiwe lilikuwa kwenye kibofu chake. Jiwe la namna hiyo hujengeka pole pole kutokana na chumvichumvi za mkojo zinazogandamana. Likiziba njia, mkojo hautoki. Aliyewahi kubanwa na mkojo usiotoka anajua kwamba hayo si maumivu ya kusimuliwa.

Dawa ya haraka ilikuwa kuingiza mrija kwenye njia ya mkojo, kama mpira wa mkojo unaotumika hospitalini leo. Tofauti ni kwamba mirija mingi ya wakati ule ilikuwa ya chuma kigumu isiyopinda. Na njia ya mkojo ya mwanamume, kama Mungu alivyoiumba, ina kona.

Franklin alifikiria mrija unaopinda. Akaenda kwa mfua fedha mjini Philadelphia, akakaa naye hadi kazi ikaisha, kisha akautuma Boston pamoja na barua ya tarehe 8 Desemba 1752, akieleza kwa utulivu namna ya kuutumia na namna ya kuufunika kwa utumbo laini ili uteleze. Hakuwa wa kwanza duniani kuwaza mrija wa kupinda, lakini mtu mwenye maumivu hahitaji wa kwanza, anahitaji unaomfikia. Mwaka ule ule ndio wa kishada na radi. Dunia inakumbuka kishada.

John alifariki mwaka 1756. Miaka kama 30 baada ya barua ile, jiwe lilikuja kwa Benjamin mwenyewe.

Umeme, matumaini na ukweli

Sifa za umeme zilipoenea, watu waliopooza walianza kupelekwa nyumbani kwa Franklin. Walikuwa wamesikia kwamba huko Ulaya kuna waliopona kwa kupitishiwa umeme. Naye akawapitishia. Siku za mwanzo wengine walionekana kupata nafuu, mkono ulionyanyuka kidogo jana leo ukanyanyuka zaidi. Baada ya siku chache nafuu ikakoma, na mgonjwa akarudi alipokuwa.

Angeweza kujitangaza kuwa mganga mkuu. Mwaka 1757 alimwandikia daktari rafiki yake akieleza wazi kwamba hakuona faida ya kudumu. Akaongeza kwamba huenda hata ile nafuu ya muda ilitokana na safari ya kila siku kuja kwake, au na moyo uliochangamshwa na matumaini.

Mchezo kama huo ulimrudia uzeeni, mwaka 1784, akiwa balozi Ufaransa. Daktari aitwaye Mesmer alikuwa ameuteka mji wa Paris kwa madai kwamba kuna nguvu ya sumaku isiyoonekana ndani ya viumbe, na kwamba yeye anaweza kuiongoza ikaponya karibu kila ugonjwa. Mfalme Louis XVI aliunda tume ya kuchunguza, Franklin akawemo pamoja na mwanakemia Lavoisier. Kwa kuwa mzee alikuwa hawezi kusafiri, baadhi ya majaribio yalifanyika nyumbani kwake, kijiji cha Passy.

Mwanafunzi wa Mesmer alitia hiyo nguvu kwenye mti mmoja wa bustani. Kisha mvulana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupitishwa kwenye miti. Alitoka jasho, akahema, na kwenye mti wa nne akazimia kabisa. Shida ni kwamba mti uliotiwa nguvu ulikuwa mwingine. Tume ikaamua kwamba nguvu hiyo haipo, na kwamba kinachofanya kazi ni mawazo ya mgonjwa.

Lakini Franklin hakuwacheka wagonjwa. Aliwahi kumwandikia rafiki kwamba katika kila mji mkubwa wapo watu wanaopenda mno kunywa dawa na kujiharibia afya. Watu hao wakiamini kidole cha mganga, wakaacha dawa zao, basi wanaweza wakapona kweli. Kwetu Afrika Mashariki, ambako tangazo la dawa moja ya magonjwa yote halikauki barabarani, utani huu hauhitaji mkalimani.

Kitanda kimoja, dirisha moja

Turudi nyuma kidogo, Septemba 1776. Franklin na John Adams, ambaye baadaye alikuwa rais wa pili wa Marekani, walikuwa safarini kwenda kuonana na mkuu wa jeshi la majini la Uingereza. Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa, wakapewa chumba kidogo chenye kitanda kimoja na dirisha moja. Adams, aliyekuwa akijihisi mgonjwa, akalifunga dirisha kwa kuogopa hewa ya usiku. Franklin, mwenye miaka 70, akamwomba alifungue.

Wakiwa wamelala, Franklin akaanza kumfafanulia nadharia yake. Alisema watu hawapati mafua kwa sababu ya baridi, bali huambukizana wanapofungiana chumbani na kupumuliana. Adams ameacha maelezo kwamba alisikiliza hadi usingizi ukamchukua, na kwamba pengine mwalimu naye alilala katikati ya somo. Kuhusu kuambukizana, sayansi ya leo imempa mzee haki yake.

Mazungumzo ya usiku wa manane

Sasa tuingie kwenye gauti. Kwenye kamusi utaikuta pia kwa jina la jongo. Ni ugonjwa unaotokana na asidi ya yuriki kuzidi kwenye damu, kisha ikaganda kama vijiwe vyenye ncha kali ndani ya viungo. Mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kidole huvimba na kuwaka moto, hata shuka ikikigusa mtu anapiga kelele. Nyama nyingi, pombe na unene huuchochea, ingawa urithi na figo navyo vina mchango.

Mwaka 1780 Franklin alikuwa na miaka 74. Yule kijana wa kunywa maji alikuwa ameshakuwa mzee mnene wa karamu za Paris. Asubuhi chai yenye krimu, mkate wenye siagi na vipande vya nyama ya kukausha. Baada ya chakula cha mchana, saa mbili tatu za kucheza sataranji akiwa amekaa. Akitoka, anapanda gari la farasi.

Mwezi Oktoba gauti ilimwangusha kitandani. Jirani na rafiki yake, Bibi Brillon, alimtungia shairi la utani kuhusu mwenye hekima na gauti. Franklin akajibu kwa mazungumzo ya kubuni kati yake na gauti, akayaandikia tarehe 22 Oktoba 1780, usiku wa manane. Baadaye aliyachapa kwenye mtambo wake mdogo hapo Passy.

Katika mazungumzo hayo gauti ni mwanamke, na ni mwanasheria mkali. Franklin anaanza kwa kulia na kuuliza amekosa nini. Bibi Gauti anamsomea mashtaka: umekula mno, umekunywa mno, umeipendelea mno miguu yako kwa uvivu. Mgonjwa anajitetea kwamba watu watamwona mlafi. Bibi Gauti anajibu kwamba watu wafikirie wanavyotaka, yeye anachojua ni kwamba kinachomtosha mtu anayefanya mazoezi kinamzidi asiyefanya.

Kisha anamtajia kila kitu. Bustani nzuri za marafiki alizoahidi kutembea na hakutembea. Sataranji. Gari la farasi, ambalo Bibi Gauti anashauri liwabebe wazee masikini wanaorudi kutoka mashambani, yeye arudi kwa miguu. Kila Franklin anapojitetea, ndipo anapozidi kujifunga.

Mwisho anaomba huruma. Anakumbusha kwamba hajawahi kumlipa daktari wala mganga yeyote apigane na Bibi Gauti, kwa hiyo naye aonyeshe shukrani. Anaahidi kuacha sataranji, kufanya mazoezi kila siku na kula kwa kiasi. Bibi Gauti anamwambia anamfahamu, miezi michache ya afya njema na ahadi zitapeperuka. Anaondoka, lakini anahakikisha kwamba atarudi.

Hapa ndipo tunapoona aina ya kicheko chake. Mtunzi alikuwa ndiye mtu maarufu kuliko wote waliowahi kuwafundisha Wamarekani kula kwa kiasi. Angeweza kuificha gauti yake kama aibu. Akaitumia kujishtaki hadharani, na anayeshindwa kesi ni yeye.

Jambo moja tulisahihishe. Katika maandishi hayo Bibi Gauti anajisifu kwamba anamkinga mgonjwa na maradhi makubwa zaidi, na wengi wa wakati ule waliamini hivyo. Si kweli. Gauti haimkingi mtu na chochote. Leo ina vipimo na ina dawa, na hakuna sababu ya kubishana nayo usiku kucha bila kufika hospitali.

Macho ya mzee

Uzee ulimfikia na machoni. Alihitaji miwani ya kuonea mbali na nyingine ya kusomea, akachoka kuzibadilisha kila saa. Akaagiza vioo vya aina mbili vikatwe nusu na kuunganishwa kwenye fremu moja, juu cha kuonea mbali, chini cha kusomea. Mei 1785 alimweleza rafiki yake wa London faida yake. Mezani anaona chakula kilicho mbele yake, na pia nyuso za wanaozungumza upande wa pili, na kwa kuwa Kifaransa hakikuwa lugha yake, kuona midomo kulimsaidia kuelewa. Yaani, alisikia Kifaransa vizuri zaidi kwa msaada wa miwani.

Jiwe

Tangu mwaka 1782 hivi, jiwe la kibofu lilianza kumsumbua. Mitikisiko ya gari ilimzidishia maumivu, hadi yule aliyelaumiwa na gauti kwa kupenda gari akawa hawezi tena kulipanda.

Tiba iliyokuwepo ilikuwa kisu. Mgonjwa alifungwa na kushikiliwa, akapasuliwa akiwa macho, na sifa ya daktari mpasuaji ilikuwa mwendo wake. Wengine walipona. Wengine walikufa kwa damu au usaha. Dawa ya usingizi ilikuja kuonyeshwa hadharani kwenye upasuaji mwaka 1846, tena Boston, mji aliozaliwa Franklin, miaka 56 baada ya kifo chake.

Utani wake haukumzuia kupima mambo. Aliandika maelezo kamili ya dalili zake, akayapeleka kwa madaktari wa London kuomba ushauri. Mwishowe aliona kwamba kwa umri wake ni heri kuishi na jiwe kuliko kukabili kisu. Alipunguza chakula, akafanya mazoezi mepesi, akajaribu tiba za nyumbani. Kwa marafiki aliandika kwamba anayeishi muda mrefu ni kama anayekunywa kikombe hadi chini, lazima akutane na mashapo. Akihesabu maradhi yote yanayoweza kumpata binadamu, alijiona mwenye bahati kupewa matatu tu.

Julai 1785 aliondoka Ufaransa. Malkia Marie Antoinette alimpa machela ya kubebwa na nyumbu, ili asitikiswe hadi pwani. Alipofika Southampton, Uingereza, kungoja meli, alikwenda kwenye bwawa la maji moto ya chumvi, akalala chali juu ya maji, na usingizi ukamchukua karibu saa nzima. Umri miaka 79, na mwili bado ulikumbuka kuogelea.

Safari ya baharini ilichukua wiki saba. Mgonjwa huyu aliitumia kupima joto la maji ya bahari na kuandika kuhusu meli na mikondo.

Machela kuelekea katiba

Mwaka 1787 wajumbe walikutana Philadelphia kuandika katiba ya Marekani. Franklin, miaka 81, alikuwa mkubwa kuliko wote. Siku ya ufunguzi, 25 Mei, mvua na afya vilimzuia. Baada ya hapo alifika kwa kiti cha kubebwa mabegani, na inasimuliwa kwamba wabebaji walikuwa wafungwa wa gereza la mjini. Kusimama muda mrefu kulimshinda, hivyo hotuba yake ya siku ya mwisho, 17 Septemba, ilisomwa na mjumbe mwenzake.

Katika hotuba hiyo alisema kwamba katiba hiyo ina mambo asiyoyapenda, lakini umri umemfundisha kwamba amewahi kuwa na uhakika na mambo ambayo baadaye aliyaona tofauti. Akamwomba kila mjumbe atilie shaka kidogo kutokukosea kwake mwenyewe, kisha atie saini. Mtu aliyezoea kushindwa kesi na gauti yake alikuwa na haki ya kuomba hivyo.

Nyumbani alijitengenezea mkono mrefu wa mbao wa kuchukulia vitabu kwenye rafu za juu, maana kwa mzee kupanda ngazi ni hatari. Hata hivyo, Januari 1788 aliteleza kwenye ngazi za mawe bustanini, akaumia mkono, na maumivu ya jiwe yakazidi. Ikabidi atumie afyuni. Ilituliza maumivu lakini ilimwondolea hamu ya kula, akakonda hadi akawaambia marafiki kwamba kilichobaki ni mifupa iliyofunikwa na ngozi.

Utani wa mwisho

Katika hali hiyo ndipo alipofanya jambo ambalo kwetu ni zito kuliko miwani na kishada. Franklin aliwahi kumiliki watumwa nyumbani kwake, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuwauza. Uzeeni aligeuka, akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa. Februari 1790 alitia saini ombi kwa bunge la Marekani la kutaka utumwa ukomeshwe.

Mbunge mmoja wa Georgia akasimama kuutetea utumwa. Franklin, kitandani, akachukua kalamu. Tarehe 23 Machi aliandika barua ya kejeli kwa gazeti, akijifanya ananukuu hotuba ya kiongozi wa Algiers aliyetetea kuwateka Wakristo weupe na kuwafanya watumwa. Hoja zilikuwa zile zile za mbunge, rangi tu zimebadilishwa. Aliyecheka alijikuta amejicheka. Zilikuwa zimebaki siku 25 afe.

Aprili alipata homa na jipu kwenye pafu. Bintiye Sally, aliyemuuguza, alimwambia anatumaini atapona na kuishi miaka mingi zaidi. Baba akajibu kwamba yeye anatumaini si hivyo. Aliomba kitanda chake kitandikwe vizuri ili afe kwa heshima. Aliposhauriwa abadilishe mkao apumue kwa urahisi, alisema anayekufa hafanyi chochote kwa urahisi. Alifariki usiku wa 17 Aprili 1790, akiwa na miaka 84. Watu wapatao 20,000 walihudhuria mazishi.

Yale maneno ya kitabu kikuukuu aliyojitungia ujanani hayakuwekwa kwenye kaburi. Kwa agizo lake jiwe la kaburi lina majina tu, Benjamin na Deborah Franklin, na mwaka 1790.

Kinachobaki kwetu

Kicheko hakikumponya Franklin. Gauti ilirudi kama ilivyoahidi, na jiwe alizikwa nalo. Lakini angalia alichotania na alichokiacha. Alitania tumbo lake, miguu yake, macho yake na kifo chake. Ndui ya mtoto hakuitania, wala mkojo uliombana kaka yake. Huko alitafuta mfua fedha.

Na utani wake ulisema ukweli. Aliyemsikiliza alijua anaumwa nini, wapi na tangu lini, na hayo ndiyo maswali ya kwanza daktari anayouliza. Mzee anayeamka mara tano usiku kukojoa, au anayeona damu kwenye mkojo, au ambaye kidole gumba kimewaka moto, ana haki ya kucheka akitaka. Ila aseme. Leo, tofauti na siku za Franklin, vijiwe vingi vinatolewa mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa.

Kwa hiyo, msomaji wetu, kama nyumbani kuna babu au bibi anayejitania kuhusu mkojo au magoti, cheka naye, kisha muulize imeanza lini. Na kama wewe ndiye yule rafiki unayepigiwa simu, karibu sana. Safari hii twambie ni wewe.